Usivunje hilo tumbawe, yalishanikuta

Kaka acha kwanza. Umeuliza tangi la lita ngapi na taa gani kwa wale gobi, visamaki vya njano vinavyoishi kwenye matumbawe, wenye vimistari vya buluu usoni, sawa, ila mwishoni ukaandika "nitakata tu tawi wanalokaa nije nalo". Hapo hapo ndo nilipoharibu mimi, kule kisiwa cha Mbudya, Dar, bamvua, maji yametoka yako kiunoni. Na ile ni hifadhi ya bahari, hata hilo sikulijali.

Aliyenidanganya ni muuza samaki wa mapambo. Akaniambia hawa kwa wavu huwapati, vunja tawi watakuja nalo. Na kweli wanakuja, ndo ubaya wenyewe! Gobi huyu ukimtisha hakimbii, anazidi kujibana katikati ya matawi, hata ukilinyanyua tumbawe juu ya maji yeye yumo tu. Nikapata wawili nikawatia kwenye ndoo, foleni ya Mwenge ile mnaijua, kufika nyumbani maji yamepata moto na tumbawe linavuja ute kama mlenda. Siku ya tatu limebaki jeupe, linanuka, samaki mmoja anaelea, mwenzake kajikunyata kwenye kona ya kioo maana hana pa kuingia tena, kesho yake naye akafa. Roho iliniuma jamani. Narudi kwa yule bwana ananijibu "si ukavunje lingine". Lingine! Anadhani matumbawe ni mchicha, ukichuma unachipua!

Hakuniambia kwamba bila akropora hai, yaani lile tumbawe la matawi, samaki yule hana maisha. Hana magamba, amevaa ute mchungu wenye sumu, na mayai yake anayabandika humo humo kwenye tawi, dume linakaa kulinda. Jamii yao mwenza akifa, aliyebaki anaweza hata kubadili jinsia ili apate wa kuzaa naye, yaani kuhama nyumba kwao ni hatari kuliko kubadilika mwili. Na hizo nyumba zenyewe zimebaki ngapi? Joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi sana pwani yetu, na akropora ndo ziliumia zaidi, halafu mimi nikaenda na nyundo.

Nenda na miwani ya kuzamia, bahari imetulia, kaa pembeni ya tumbawe usiliguse. Mwanzoni utaona matawi matupu. Tulia tu, baada ya muda kidogo kichwa cha njano kitachungulia, kitakutazama, kitarudi ndani.