Mbona Hawakusema Siku Zile?

SWALI: Ndugu Mhariri, mtu aliyeheshimiwa sana katika jamii yetu, aliyefariki dunia miaka kadhaa iliyopita, sasa anatajwa na watu wazima wanaodai kwamba aliwadhalilisha kingono walipokuwa watoto. Watu wamegawanyika. Kuna wanaosema kwamba lisemwalo lipo, na kuna wanaosema kwamba hawa wametumwa kufukua makaburi, kwa kuwa aliyetendewa kweli asingenyamaza miaka thelathini. Mimi sina upande, ila ukimya huo unanisumbua. Kwa nini waseme leo, wakati mwenyewe hawezi tena kujibu? Na je, jina lake liondolewe katika jengo lililopewa jina hilo? (Jina la mwandishi limehifadhiwa.)

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na huo ukimya, kwa sababu ndio unaochukuliwa kuwa ushahidi wa uongo, na kwa kweli hauthibitishi lolote. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza udhalilishaji wa watoto katika taasisi kuanzia mwaka 2013 hadi 2017, ilisikiliza faraghani watu zaidi ya 8,000, na ikabaini kwamba kwa wastani manusura walikaa karibu miaka 24 kabla ya kumsimulia mtu yeyote yaliyowapata. Miaka thelathini, basi, si muda wa ajabu katika mambo ya aina hii. Mtoto hana maneno ya kulieleza tendo lenyewe, huaminishwa kwamba kosa ni lake, na humwona mkosaji akishangiliwa na watu wale wale ambao angepaswa kuwakimbilia.

Hata hivyo, swali lenyewe, kama linavyoulizwa na wengi, linadhani kwamba hakuna aliyesema, ilhali mara nyingi walikuwapo waliosema. Jimmy Savile, mtangazaji wa BBC nchini Uingereza aliyesifika kwa kuchangisha fedha za hospitali na kutunukiwa cheo cha Sir mwaka 1990, alifariki Oktoba 2011 bila kufikishwa mahakamani. Mwaka uliofuata, baada ya televisheni kurusha simulizi za wanawake waliomtuhumu, mamia ya watu walijitokeza, na wengi waliowasikia wakauliza hilo hilo unaloniuliza. Kisha Januari 2013 ikatoka taarifa ya mwanasheria wa ofisi ya mashtaka, iliyoonyesha kwamba polisi walikuwa na malalamiko mkononi wakati wa uhai wake, na kwamba mwaka 2009 walikuwa wamemhoji, tena katika ofisi yake ndani ya hospitali ile ile aliyoichangishia. Walalamikaji hawakuambiwa kwamba wako wengine wenye malalamiko kama yao, na shauri likafia hapo, ingawa pengine wangekubali kutoa ushahidi kama wangelijua hilo. Kumlaumu mtu wa namna hiyo kwa kukaa kimya ni kumdai deni alilokwisha kulipa.

Mfano wa mbunge Cyril Smith, wa nchi hiyo hiyo, unanikera zaidi. Polisi walipeleka jalada lake kwa mkuu wa mashtaka mwaka 1970, ikaamuliwa asishtakiwe. Miaka miwili baadaye akaingia bungeni, na mwaka 1988 naye akatunukiwa cheo cha Sir. David Steel, aliyekuwa kiongozi wa chama chake, aliiambia tume ya uchunguzi ya huko Uingereza kwamba alimuuliza Smith kuhusu tuhuma hizo mwaka 1979, akabaki akiamini kuwa zina ukweli, na hakuchukua hatua yoyote. Smith alifariki mwaka 2010. Hapo unaona kwamba taarifa haikukosekana. Ilikuwa imelala katika meza za watu wazima wenye madaraka. Ndiyo maana ningependa wale wanaouliza kwa ukali “mbona hawakusema?” waulize kwa ukali ule ule ni nani aliyeambiwa na alifanya nini. Wengi wa hao walioambiwa huwa bado wako hai, na wao wanaweza kujibu.

Sasa niwageukie wanaosema kwamba lisemwalo lipo. Methali hiyo ni nzuri, lakini si kanuni ya kupima ushahidi. Desemba 2014 afisa wa polisi wa London alitangaza hadharani kwamba simulizi ya mtu mmoja, aliyedai kuwa kundi la wakubwa liliwadhalilisha na hata kuwaua watoto wa kiume, ni ya kuaminika na ya kweli, ilhali uchunguzi ulikuwa bado unaendelea. Nyumba za wazee mashuhuri zikapekuliwa, akiwamo mkuu wa zamani wa majeshi, Lord Bramall. Mwaka 2016 uchunguzi ukafungwa bila mtu yeyote kushtakiwa, na Julai 2019 msimulizi huyo, Carl Beech, akahukumiwa kifungo cha miaka 18 kwa makosa yakiwamo kupotosha haki na udanganyifu. Walioumizwa na uongo huo ni wale wazee na familia zao, na pia kila manusura wa kweli ambaye tangu siku hiyo anatupiwa jina la Beech usoni. Kumpokea mlalamikaji kwa heshima na kuandika maelezo yake yote ni wajibu. Kutangaza kwamba ni ya kweli kabla ya kuyachunguza ni jambo jingine kabisa, na halimsaidii hata yeye.

Kuhusu marehemu kutoweza kujibu, hoja hiyo ina uzito, kwa maana mahakama ya jinai haimhukumu maiti. Lakini uchunguzi huru unaweza kufanyika bila yeye: kumbukumbu za taasisi husomwa, tarehe na safari hulinganishwa, na maelezo ya watu wasiofahamiana hupimwa kama yanakubaliana katika mambo ambayo hayakuwahi kutangazwa. Kwa kweli njia hiyo humlinda marehemu pia, iwapo alisingiziwa, kuliko ubishi usiokwisha.

Kuhusu jina kwenye jengo, ningesubiri matokeo ya uchunguzi, nikihimiza uanze mapema na usiendeshwe na taasisi ile ile aliyoiongoza. Familia ya Savile yenyewe iliomba jiwe la kaburi lake liondolewe Oktoba 2012, nalo likaondolewa usiku. Kubandua kibao ni kazi ya saa moja, na taasisi nyingi huikimbilia kwa sababu hiyo hiyo. Kufungua majalada huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo dai hilo ndilo la kuanza nalo.