Waulize, ila waandike tunachojibu

Wiki hii mmeuliza kama sensa ya Kenya ya 2029 iendelee kutuuliza kabila na mahali tulipozaliwa. Nilipolisoma swali hilo jibu langu lilikuwa moja: yaachwe yote mawili. Wenzetu wa Tanzania waliulizwa kabila mara ya mwisho kwenye sensa ya 1967, na nchi yao ipo.

Agosti 2019, hapa Mayungu, Kilifi, karani wa sensa alifika kwa bibi jirani nikiwa namsaidia kuanua dagaa. Kijana mwenye adabu, akatoa shikamoo, akapewa kigoda. Ulizaliwa wapi, bibi? "Papa hapa." Akabonyeza kishikwambi chake. Kabila? "Mpemba." Akaipekua orodha juu mpaka chini, akarudi juu tena. Mwishowe akasema, "Bibi, Pemba si ni Tanzania? Nitakuandika Mtanzania." Bibi akauweka uteo chini. Akamwonyesha mnazi ambapo kitovu chake kilizikwa. Akamtajia mkunga aliyemzalisha mamake na kaburi la mkunga huyo lilipo. Akamwambia Pemba anaisikia tu, hajawahi kuikanyaga. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika alivyotaka. Dagaa ilibaki juani mpaka magharibi, hakuna aliyekuwa na hamu nayo tena.

Wanawe ni wavuvi. Wakati huo hawakuwa na vitambulisho, na laini zao za simu zilisajiliwa kwa majina ya watu wengine. Kuzaliwa hapa hakukuwasaidia kitu, maana Ibara ya 14 ya Katiba haitazami ulizaliwa wapi. Inatazama kama babako au mamako ni raia. Wazazi wote wawili wakikosa uraia, mtoto naye anaukosa, hata kama kitovu chake kimezikwa Kilifi.

Lakini nikikumbuka Wamakonde wa Kwale, waliofunga safari kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016 mpaka wakatambuliwa kuwa kabila la 43, na Wapemba wetu waliotambuliwa 2023, naona wote waliingia kwenye uraia kwa mlango wa kabila. Orodha ikifutwa leo, waliobaki nje watajitaja kwa lipi?

Basi waulize. Ila karani aandike neno lile lile aliloambiwa, hata kama halimo kwenye orodha yake, na jibu hilo lisije kutumiwa kumpiga mtu msasa anapoomba kitambulisho. Kama hayo mawili hayawezekani kufikia 2029, narudi kwenye jibu langu la kwanza.