Darubini ya shabaha za mbali kwa bajeti ndogo: nunua kwanza usahihi wa marekebisho

Ndugu, umeeleza kwamba una bunduki ya .308 Winchester yenye mtutu mzito, kwamba umeshazoea shabaha za mita 300, na kwamba sasa unataka kufika mita 1000 bila kununua darubini inayoizidi bei bunduki yenyewe. Umetaja mbili zinazokuvutia, ambazo bei zake zinakaribiana: ya kwanza inakuza kuanzia mara 6 hadi mara 24, ina lenzi ya mbele ya milimita 50 na retikuli (alama ya kulengea inayoonekana ndani ya darubini) inayowaka taa, ya pili inakuza mara 10 tu, haina taa wala mbwembwe yoyote. Mimi ningechukua ya pili. Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa nimepiga shabaha za mbali kwa miaka mingi kwa vifaa vya bei ya kawaida, na nimeona wapigaji wazuri wakikata tamaa kwa sababu fedha yao ilikwenda mahali pasipostahili.

Ugumu wa mita 1000 hauko katika kuiona shabaha. Uko katika kushuka kwa risasi. Bunduki ya .308 inayopiga risasi ya greni 175 (takriban gramu 11), ikiwa imesetiwa kwenye mita 100, yaani risasi hutua panapolengwa kwenye umbali huo na hapo ndipo sifuri yake, huhitaji kuinuliwa takriban mili 12 hadi 13 ili ifike mita 1000, kutegemea kasi ya risasi na hali ya hewa. Mili moja, yaani miliradiani, ni sentimita 10 kwenye mita 100 na ni mita nzima kwenye mita 1000. Kwa hiyo unaielekeza bunduki zaidi ya mita 12 juu ya mahali unapotaka risasi itue, na kazi yote ya kupima kimo hicho umeikabidhi kwa kifundo kidogo kilicho juu ya darubini. Kifundo hicho kikikosea kwa asilimia 3 tu, kwenye mita 300 huenda usigundue kabisa, kwa sababu ulizungusha mili moja na ushei. Kwenye mita 1000 kosa hilohilo ni karibu sentimita 40, na utamaliza siku nzima ukiulaumu upepo, baruti, au pumzi yako mwenyewe.

Ndiyo maana nasema fedha kidogo uliyonayo inunue kwanza mitambo ya ndani. Ndani ya darubini kuna bomba dogo lenye lenzi, ambalo upande mmoja limekaa kwenye egemeo na upande mwingine linasukumwa na skrubu za vifundo huku springi ikilirudisha. Ukizungusha kifundo, skrubu inalisogeza bomba hilo kwa kiasi kidogo mno, na springi inapaswa kulifuatisha bila kuchelewa. Springi ikiwa dhaifu, au nyuzi za skrubu zikiwa zimekatwa ovyo, bomba halifuati mara moja, linangoja litikiswe. Hapo ndipo unapomwona mtu amezungusha mili 8, risasi ya kwanza ikatua chini ya ilipotarajiwa, na ya pili na ya tatu zikatua mahali pake, kwa kuwa teke la risasi ya kwanza ndilo lililolitikisa bomba likakaa sawa. Nimeliona hili mwenyewe kwenye darubini yenye kioo safi ajabu, iliyong'aa kuliko yangu, na ambayo mwenye nayo alilazimika kuigonga kwa kiganja kila alipoirudisha kwenye sifuri. Kioo kile kizuri hakikumsaidia kitu.

Sasa fikiria kiwanda kinachotaka kuuza kwa bei ya chini. Kila jambo linaloongezwa lina gharama: taa ya retikuli, ukuzaji unaobadilika kwa mapana, lenzi kubwa ya mbele. Bei ikiwa imeshapangwa, gharama hizo zitatolewa mahali ambapo mnunuzi dukani hapaoni, na mahali hapo ni kwenye skrubu, springi na muda wa ukaguzi. Darubini ya ukuzaji mmoja ina vipande vichache vinavyosogea, na kwa fedha ileile mtengenezaji anaweza kuvitengeneza vizuri. Darubini ya SWFA, kampuni ya Marekani, ya mara 10 yenye lenzi ya milimita 42 ilipata jina lake kwa sababu hiyohiyo: haina mvuto dukani, lakini vifundo vyake hufuata.

Usiniamini mimi wala tangazo, ipime. Tafuta karatasi ndefu, yenye urefu usiopungua mita moja na nusu, uibandike ubaoni, kisha uning'inize timazi na kuchora mstari kuifuata uzi wake kutoka juu hadi chini. Chini ya mstari huo weka alama ndogo ya kulengea. Pima mita 100 kwa futi kamba, kutoka kwenye darubini hadi kwenye karatasi, wala usitegemee kibao cha uwanjani, kwa sababu mita moja ya kosa hapo tayari ni asilimia moja ya kosa kwenye hesabu yako. Piga risasi tatu ukiwa kwenye sifuri. Zungusha mili 10 juu, lenga alama ileile ya chini, piga tatu nyingine. Katikati ya kundi la pili panapaswa kuwa sentimita 100 juu ya katikati ya kundi la kwanza, na makundi yote mawili yawe yamekaa kwenye mstari au sambamba nao. Rudi kwenye sifuri, piga tena: risasi zitue kwenye kundi la kwanza. Ukiwa na jiliwa nzito ya fundi unaweza kufanya sehemu kubwa ya kipimo hiki bila kufyatua hata risasi moja, kwa kuibana darubini isitikisike na kuiangalia retikuli ikipanda juu ya rula iliyowekwa mbali. Njia hii pia itakuonyesha kama mistari ya retikuli yenyewe inalingana na vipimo vinavyodaiwa.

Matokeo uyasome kwa makini. Ukipata sentimita 98 kila mara unaporudia, darubini hiyo bado inafaa, kwa sababu kosa la kudumu linasahihishika: programu nyingi za kukokotoa njia ya risasi zina mahali pa kuweka kizidisho hicho. Ukipata 98 leo, 101 baada ya kurudia, kisha 96, irudishe ulikoinunua bila majadiliano. Kosa linalobadilika halina dawa.

Baada ya hapo angalia kama darubini ina nafasi ya kutosha ya kuinuka. Maelezo ya mtengenezaji hutaja marekebisho yote kwa jumla, na hapo wengi hukosea hesabu. MOA ni kipimo kingine cha pembe, sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Darubini yenye jumla ya MOA 60 inakupa karibu nusu yake tu kwenda juu, yaani MOA 30, ambazo ni mili 8.7. Kwa .308 yako hazitoshi kufika mita 1000. Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa: reli (kipande kinachoishikilia darubini juu ya bunduki) yenye mwinamo wa MOA 20, ambayo inakuongezea karibu mili 5.8 juu na kuzipunguza chini ambako huzihitaji. Bomba la milimita 30 mara nyingi hutoa nafasi kubwa kuliko la milimita 25.4, na hiyo ndiyo faida yake. Anayekwambia bomba pana linaingiza mwanga zaidi hasemi kweli.

Kuhusu vipimo, iwe mili au MOA, hakuna kilicho sahihi zaidi ya kingine. Jambo la lazima ni kwamba vifundo na retikuli vitumie kipimo kimoja. Bado zinauzwa darubini za bei nafuu zenye retikuli ya mili na vifundo vya robo MOA, na mili moja ni MOA 3.44, kwa hiyo kila unapoona risasi imetua pembeni utalazimika kupiga hesabu ya kuzidisha huku upepo ukibadilika. Kama wenzako uwanjani wanasomeana masahihisho kwa mili, nunua ya mili.

Ukiamua hata hivyo kununua yenye ukuzaji unaobadilika, uliza retikuli imewekwa wapi, mbele au nyuma ya lenzi za kukuza. Iliyowekwa mbele hukua na kupungua pamoja na taswira, hivyo mistari yake ni ya kweli kwenye ukuzaji wowote. Iliyowekwa nyuma hubaki na unene uleule, lakini mistari yake ni ya kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, ambao aghalabu ni ule wa juu kabisa. Ukipunguza hadi nusu, nafasi iliyoandikwa mili moja inakuwa mili mbili. Kwa mashindano ya F-Class (ya shabaha za mbali kwa bunduki iliyoegemezwa), ambako umbali unajulikana na shabaha ni ileile, retikuli ya nyuma yenye mistari myembamba na milio ya kifundo, yaani hatua zake, ya MOA moja ya nane inafaa sana. Kwa anayehama kutoka shabaha moja hadi nyingine kwa umbali tofauti, ya mbele ndiyo yenye maana. Ile ya mara 10 isiyobadilika inakuondolea swali lote.

Kitu kimoja ambacho sitakubali ukikose ni marekebisho ya paralaksi, yaani kule retikuli kuonekana ikihama juu ya shabaha jicho linaposogea. Darubini ambayo paralaksi yake imefungwa kiwandani kwa mita 100, yenye lenzi ya mbele ya milimita 40, inaweza kukudanganya hadi sentimita 10 kwenye mita 600 ikiwa jicho lako limekaa pembezoni mwa duara la mwanga linalotoka kwenye lenzi ya nyuma. Ni kosa unaloliongeza juu ya makosa mengine yote, na unaliongeza bila kujua. Namba zilizoandikwa kwenye kifundo cha paralaksi zichukulie kuwa za kuanzia tu: ukiwa umelala nyuma ya bunduki, sogeza kichwa kidogo juu na chini, na uendelee kuzungusha hadi retikuli iache kuelea juu ya shabaha.

Najua mara 10 inaonekana ndogo. Lakini inakuonyesha shabaha ya mita 1000 kana kwamba unaiangalia kwa macho kutoka mita 100, na bunduki ya M24 ya Jeshi la Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1988, ilikuja na darubini ya Leupold ya mara 10 tu. Mara 24 kwenye lenzi ya milimita 50 inakuachia duara la mwanga lenye upana wa milimita 2 hivi, kwa hiyo taswira inafifia na jicho linahangaika kulipata. Jua likipanda na ardhi ikianza kutoa mazigazi, ukuzaji huo unayakuza na mazigazi yenyewe, na wenye darubini kubwa nawaona wakishusha hadi mara 12 au 15. Anayehitaji kweli ukuzaji mkubwa ni mpigaji wa F-Class anayegombea duara la ndani kabisa, lenye upana wa takriban nusu MOA. Wewe bado hujafika huko, na utakapofika utakuwa unajua mwenyewe unachokitaka.

Usimalize fedha yote kwenye darubini. Tenga sehemu kwa reli, pete imara za kuifunga darubini kwenye reli hiyo, na pima maji ndogo inayofungwa kwenye bomba. Pete zikazwe kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango alichotaja mtengenezaji, ambacho kwa vifuniko vya pete mara nyingi kiko chini kidogo ya nyutoni-mita 2. Anayekaza kwa hasira anaminya bomba na kuisumbua mitambo uliyoilipia. Pima maji wengi huidharau, na mimi naiona ina thamani kuliko taa ya retikuli. Ukiiinamisha bunduki nyuzi 3 upande, kiasi ambacho jicho halikioni kwenye ardhi yenye mteremko, zile mili 13 ulizozungusha zinakuvuta pembeni karibu mili 0.7, yaani takriban sentimita 70 kwenye mita 1000. Wakati wa kufunga, hakikisha retikuli inalingana na timazi ileile unapozungusha kifundo kutoka chini hadi juu, si inapokuwa kwenye sifuri peke yake.

Darubini iliyotumika nayo isikutishe, hasa yenye dhamana inayohamia kwa mnunuzi mpya bila masharti. Kagua bomba kama lina alama za kuminywa, tazama lenzi kwa tochi kutoka pembeni, sikiliza na uguse milio ya vifundo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha uombe kuipeleka kwenye karatasi ndefu kabla hujakamilisha malipo. Muuzaji anayeijua darubini yake hatakunyima nafasi hiyo. Na hata ukinunua mpya, kipimo hicho kifanye ndani ya wiki ambazo duka bado linapokea bidhaa iliyorudishwa.