Waliofika kabla yetu

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili: kama kazi ya gari la wagonjwa katika jiji kubwa ni damu na ving'ora kutwa kucha, na ni tukio gani limegoma kunitoka kichwani. Nimeifanya kazi hii miaka 14. La kwanza nitalijibu upesi, la pili litanichukua muda. Nivumilie.

Si damu kutwa. Zamu yangu ni ya saa 12, na mwanzoni kabisa hakuna mgonjwa. Tunafungua gari na kukagua: mtungi wa oksijeni umebaki na kiasi gani, betri ya mashine ya kushtua moyo imejaa, mashine ya kufyonza makohozi na matapishi inavuta, dawa hazijapita tarehe, kifurushi cha kuzalishia kipo mahali pake. Mwenzangu anasoma orodha kwa sauti, mimi nagusa kila kitu kwa mkono, maana macho peke yake yanadanganya ukiwa na usingizi. Baada ya hapo simu zinaanza. Nyingi ni za wazee walioanguka, wenye pumu, wenye kisukari, vifua vinavyobana, mtu aliyekaa na huzuni peke yake mpaka ikamshinda. Ajali zipo, majeraha yapo, lakini inaweza kupita wiki nikawa nimeshika mikono ya watu kuliko nilivyoshika bandeji.

Na kinachotuchelewesha zaidi jijini si foleni. Foleni ukiwa na king'ora inapasuka, japo kwa shida. Kinachotuchelewesha ni jengo. Kati ya gari kusimama chini na mimi kupiga magoti pembeni ya mgonjwa kuna dakika ambazo hakuna anayezihesabu: geti limefungwa, mlinzi hajui ni mlango upi, lifti ni ndogo machela haiingii, inabidi mgonjwa ateremshwe kwa kiti ngazi baada ya ngazi, mmoja mbele mmoja nyuma. Ukipiga simu ya dharura, taja ghorofa na mlango, mtume mtu mmoja ateremke kutupokea, taa ziwashwe, mbwa afungwe. Yule anayesimama barabarani akipunga mkono mimi namhesabu kuwa mwenzetu wa tatu.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Nikikumbuka matukio yaliyoniganda, karibu yote si ya jambo nililofanya mimi. Ni ya mtu aliyekuwepo kabla sijafika.

Kuna binti wa miaka 13 hivi. Baba yake alidondoka jikoni, hakuna mtu mzima mwingine nyumbani. Tuliingia tukamkuta amepiga magoti, simu sakafuni ikiwa kwenye spika, dada wa kituo cha simu anahesabu naye: moja, mbili, tatu, nne. Alikuwa anasukuma kifua cha baba yake kwa mikono iliyonyooka, nywele zimemlowa jasho, na hakusimama tulipoingia. Ilibidi mwenzangu aweke mikono yake karibu na ya yule mtoto na kumwambia, "Sasa mimi, mama, pumzika." Mashine ilionyesha moyo unatetemeka tu bila kusukuma damu, tukaushtua mara mbili, mapigo yakarudi. Mtoto alikuwa ameegemea jokofu. Akaniuliza, "Nimemvunja mbavu? Nilisikia kitu kimelia." Nilimwambia ukweli, kwamba huenda ndiyo, na kwamba mbavu zinaunga. Nikamwambia pia kwamba mtu ambaye moyo wake umesimama ubongo wake unaanza kuharibika ndani ya dakika chache, na kwamba sisi hatukuwahi dakika hizo, yeye ndiye aliyeziwahi.

Kinachonisumbua ni jinsi wengine wengi wanavyosita pale. Mtu ameanguka, haitiki, ila kila baada ya muda anatweta kama samaki nje ya maji, na watu wanasema, "Anapumua, tumwache." Ule si upumuaji. Ni moyo uliosimama. Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, sukuma kwa nguvu, chini sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, acha kifua kirudi juu kila mara. Mkiwa wawili, pokezaneni kila dakika 2 kabla mikono haijalegea. Na kama jengo lina mashine ya kushtua moyo ukutani, mtu akaichukue. Ukishaiwasha inakuelekeza yenyewe.

Mwingine ni mwanamume aliyekuwa amelala kando ya njia ya watembea kwa miguu asubuhi, watu wakimzunguka kwenda kazini. Taarifa tuliyopewa ilisema mlevi. Hakuwa na harufu yoyote ya pombe. Jasho lilikuwa linamtoka, ngozi baridi, anabwabwaja, akijaribu kutupiga. Tone la damu kidoleni likasema sukari milimoli 1.6 kwa lita, wakati hata chini ya 4 tayari tunahesabu kuwa imeshuka. Tuliweka glukosi kwenye mshipa, na kabla hata haijaisha akafumbua macho akauliza begi lake liko wapi. Lakini ninayemkumbuka zaidi ni mama mfanya usafi wa jengo la jirani. Yeye peke yake alisimama. Alikuwa amemgeuza ubavu ili asije akapaliwa, amemwekea aproni yake chini ya kichwa, na alikuwa amemkataza kijana mmoja kummiminia soda mdomoni. Alikuwa sahihi kabisa: anayeweza kukaa na kumeza mpe kitu chenye sukari, ila asiyejitambua usimtie chochote mdomoni. Nilimwuliza alisomea wapi. Akasema mdogo wake ana kisukari. Alirudi kazini kwake na aproni ina tope, hata jina sikumwuliza, na hilo najilaumu mpaka leo.

Kuzalisha nimezalisha mara tano, moja ikiwa kwenye kibaraza cha ngazi, ghorofa ya tano, jirani akitumulikia kwa tochi ya simu. Mtoto akishatoka anafutwa akauke, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kitovu hakikatwi papo hapo, tunasubiri angalau dakika moja. Jirani alilia kuliko mtoto.

Si zote ziliisha vizuri. Mzee mmoja mstaafu mkono wake ulilegea saa 3 usiku wakati wanaangalia taarifa ya habari. Mke wake alitaka kupiga simu, mzee akakataa, "Tusiwasumbue watu usiku huu, nikilala itaisha." Simu ilikuja saa 11 alfajiri. Uso umeenda upande, maneno hayatoki. Swali letu la kwanza kwenye kiharusi ni lini mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Wapo wanaofaa kutolewa donge hilo la damu kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa mpaka saa 24, lakini si wote, na kila dakika ina gharama yake kwenye ubongo. Mama alipojibu "saa 3" alinitazama usoni akaona kitu nilichokuwa sitaki akione. Akauliza, "Ningepiga jana usiku?" Nilimwambia, "Mama, umepiga, tumefika, vaa viatu twende." Bado sijapata jibu bora kuliko hilo. Kwa hiyo nawaambia ninyi, kwa unyenyekevu wote: uso ukipinda, mkono ukikataa kunyanyuka, maneno yakiteleza, tusumbueni. Usiku ule ule. Tumekaa macho kwa ajili hiyo.

Na lipo jambo lingine nililojifunza kwa makosa. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia kijana mmoja kuhusu mama yake, "Pole sana, hatunaye tena." Akanitazama akauliza, "Mmempeleka wapi?" Alikuwa haniulizi kwa hasira, alikuwa haelewi kweli. Tangu siku ile nasema "amefariki". Nakaa chini kwanza, nalingana nao macho, nalitamka neno lenyewe, kisha nanyamaza. Lugha yetu ina njia nyingi laini za kulizunguka, na zina mahali pake msibani, ila dakika ile ya kwanza mtu anahitaji neno moja lisilo na mlango wa nyuma.

Ugumu mwingine, ambao walio nje hawaufikirii, ni kutojua mwisho. Tunamkabidhi mgonjwa, tunaeleza kilichotokea kwa dakika moja au mbili, tunasaini, tunapangusa machela kwa dawa, simu inaita tena. Baba wa yule binti niliambiwa tu amepelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Basi. Mwenzangu na mimi tuna desturi: baada ya simu ya namna hiyo hatuwashi redio mpaka mmoja wetu aseme neno. Wakati mwingine tunavuka nusu ya jiji kimya.

Ila umeniuliza tukio moja, nami nimekupa rundo. Kama ni moja tu, basi ni hili, na halina king'ora. Bibi wa miaka themanini na kitu aliteleza usiku njiani kuelekea chooni. Mguu mmoja umekuwa mfupi, umegeukia nje, nyonga imevunjika bila shaka. Mume wake, mzee kumzidi, alijaribu kumwinua akashindwa. Akapiga simu, akafungua mlango wa mbele akauacha wazi, akawasha taa zote kama alivyoelekezwa, akaleta blanketi. Kisha, kwa kuwa bibi alikuwa anatetemeka na anaogopa, akajilaza sakafuni pembeni yake, akajifunika naye blanketi lilelile, akamshika mkono. Ndivyo tulivyowakuta, wanaongea taratibu kama watu walio kitandani. Tulimpa bibi dawa ya maumivu, tukampandisha machelani polepole, tukamfunga mikanda. Halafu tukarudi kumwinua na mzee, kwa sababu alikuwa amelala pale akijua fika kwamba peke yake hataweza kunyanyuka.