Gari Jipya: Oili ya Kwanza Imwagwe Lini, na Sintetiki Iingie Lini?

Swali: Salaam fundi. Nimechukua gari jipya kabisa, zero kilomita, injini ya petroli yenye tabo (ile inayosukumia injini hewa ya ziada), sahivi limetembea kama kilomita 1,400. Kitabu kinasema sevisi ya kwanza ni kilomita 10,000 au mwaka mmoja. Shemeji yangu, ambaye ameendesha magari toka sijazaliwa, anasema nimwage oili ya kiwandani haraka maana ina vyuma, alafu niweke oili ya kawaida mpaka gari lifike 20,000 ndo nihamie sintetiki, eti sintetiki inateleza sana ringi za pistoni hazitakaa vizuri kwenye silinda. Fundi wa gereji nae anataka niweke sintetiki leo leo. Nimsikilize nani?

Jibu: Wa aleikum salaam ndugu yangu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, kitabu kikiwa na kipande kikubwa zaidi, na shemeji yako mheshimu tu ila hapo kwenye sintetiki anaongelea injini za enzi zake.

Tuanze na hilo la sintetiki. Fungua kitabu ukurasa wa oili uangalie namba ya uzito waliyoandika, inayoonyesha oili ni nyepesi au nzito kiasi gani. Kwa tabo ya siku hizi mara nyingi utakuta 0W-20 au 5W-30, na kama ni 0W-20 basi elewa kwamba oili nyepesi namna hiyo haitengenezeki kwa oili ya kawaida peke yake, zinazouzwa ni sintetiki au mchanganyiko wenye sintetiki ndani. Kwa hiyo unavyojiuliza uhamie lini, inawezekana gari limetoka nayo kiwandani na ulishahama bila kujua. Corvette zinajazwa sintetiki kiwandani toka 1992, Porsche nao wamefanya hivyo miaka mingi, sasa kama sintetiki ingekuwa inazuia ringi kukaa si magari yote hayo yangekuwa yanatoa moshi wa bluu barabarani?

Hofu ya shemeji haikutoka hewani lakini. Zamani ukuta wa silinda ulikuwa unaachwa na mikwaruzo mikubwa na ringi zinausugua taratibu kwa maelfu ya kilomita mpaka vizoeane. Siku hizi ukuta unasawazishwa vizuri zaidi kiwandani, kazi inayobaki ni ndogo na sehemu kubwa inaisha kilomita mia kadhaa za mwanzo. Tena kinachokalisha ringi hasa ni presha ya moto inayopita nyuma ya ringi na kuisukuma ukutani, yaani ni namna unavyoendesha. Kwa hiyo hizi kilomita za mwanzo usilikanyage likiwa baridi, usikae spidi moja masaa mawili barabara kuu, badilisha badilisha mwendo, lipe mzigo wa wastani, ila usilidekeze nalo kama yai maana injini isiyopewa kazi kabisa ringi zake ndo hazikai vizuri.

Sasa oili ya kwanza. Hapo shemeji yuko sahihi kuhusu vyuma, ukiimwaga kwenye beseni alafu ukaipiga tochi kwa pembeni utaona inameremeta kama rangi ya gari ya metaliki, ule ni unga wa chuma na alumini kutoka vitu vipya vinavyozoeana. Vipande vikubwa filta inavikamata, ule unga laini kabisa unapita unazunguka na oili. Je, unaua injini? Hapana, watengenezaji wanajua upo na wamepanga sevisi wakijua hivyo. Ila nao hawafanani: BMW kwenye magari yao ya M, yale ya kasi, wanataka lirudi kwenye kilomita 2,000 oili imwagwe, wakati Honda wanakwambia usiiguse oili ya kiwandani kabla ya muda wake sababu ina viongezo maalum vya kipindi hicho. Ndo maana nasema soma chako wewe. Kikikataza kumwaga mapema, acha. Kisipokataza, mi ningemwaga kati ya 3,000 na 5,000 pamoja na filta, ni tahadhari ya bei ndogo ukilinganisha na miaka unayotaka kukaa na gari, na usipofanya pia usikose usingizi.

Kitu ambacho hamna kati yenu aliyekigusa ni ile sentensi yenyewe, "kilomita 10,000 au mwaka mmoja". Maana yake kinachotangulia kufika. Alafu funua kurasa mbili tatu mbele, vitabu vingi vina sehemu ya matumizi magumu: safari fupi fupi, foleni, vumbi, joto kali, kuvuta tela. Watu wanaisoma wanadhani inaongelea malori ya mgodini, kumbe anayepeleka watoto shule kilomita 3 na kurudi kila asubuhi yumo humo. Injini haijapata moto vizuri inazimwa, petroli na unyevu vinashuka kwenye oili na havipati joto la kuvikausha, na tabo inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda inaongoza kwa hilo. Kama ndo maisha yako, kata hiyo 10,000 ifike 5,000 au 6,000, hata oili iwe sintetiki ya bei gani.

Na usinunue neno. "Sintetiki" kwenye kopo ni pana sana, nyingine zimetengenezwa kwa kemia toka mwanzo, nyingine ni mafuta ghafi yaliyosafishwa kupita kiasi, kampuni za oili Mobil na Castrol zilishavutana Marekani kuhusu hilo mwaka 1999 na Castrol ikashinda, zote zikaendelea kuitwa sintetiki. Tafuta namba ya uzito ile ile ya kitabu, na alama ya kiwango cha ubora, yaani herufi zinazofuata neno API kwenye kopo. Kwa tabo yako API SP, iliyoanza 2020, inakufaa kuliko SN ya zamani kwa sababu imepimwa dhidi ya petroli kulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda gari likipandishwa mzigo injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo, kitu kinachoweza kupasua pistoni. Risiti zote tunza na andika kilomita, siku ya kudai waranti utaulizwa.

Swali: Fundi nikihama kutoka oili ya kawaida kwenda sintetiki lazima nisafishe injini kwanza? Na zikichanganyika?

Jibu: Hapana dada, mwaga ya zamani ikiwa ya moto, weka filta mpya, jaza. Zinachanganyika bila shida, unachopoteza ni ubora kidogo tu. Hizo dawa za kusafishia injini kwenye gari jipya ni kumwaga hela.

Swali: Oili yangu nimeweka juzi tu imeshakuwa nyeusi, imekufa? Na kijiti kinaonyesha imezidi, wakati sijaongeza.

Jibu: Weusi usikutishe, oili inayosafisha lazima ichafuke. Hiyo ya kuzidi ndo ya kufuatilia. Paki sehemu tambarare, zima, subiri dakika kumi, chomoa kijiti ukifute, rudisha mpaka mwisho ndo usome. Ikiwa bado imepita alama ya juu, nusa: ikinuka petroli, mafuta yanashuka kwenye oili na imeshakuwa nyepesi kuliko inavyotakiwa, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ni maji. Kwa yote mawili usiendelee kutembelea, ibadilishwe na fundi atafute inakotokea. Na kama hainuki wala haijabadilika rangi, basi aliyekuwekea alizidisha, apunguze.