Jibu: CRP ni ya kawaida, mbona mkojo bado una protini?
Salamu, ndugu. Umeuliza kwa nini dada yako mwenye lupasi (ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe), anayetibiwa hapa Kisumu, bado anapoteza protini kwenye mkojo ilhali CRP yake, protini ya damu inayopimwa ili kuona kama mwilini kuna uvimbe wa ndani (inflamesheni), ni ya kawaida. Nikiwa muuguzi wa kliniki ya figo, huniuma kuona mgonjwa akitulizwa kwa kipimo hicho peke yake. CRP hutengenezwa na ini likipokea ujumbe wa protini iitwayo intaleukini-6. Katika lupasi, protini nyingine ya ujumbe, intaferoni, huweza kuufifisha utengenezaji huo huku uvimbe ndani ya figo ukiendelea. Anzeni na uwiano wa protini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) katika mkojo wa kwanza wa asubuhi, kisha mwulizeni daktari kuhusu C3 na C4, protini za kinga zinazopimwa kwenye damu. Kama anatumia steroidi (dawa za kutuliza uvimbe huo), asiziache ghafla.