Jibu: Mwanafunzi anayechoshwa na skeli

Mkuu, umeuliza ufanyeje na mtoto wa miaka 8 unayemfundisha piano, anayepiga miayo kila ukimfungulia kitabu cha skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka noti kwa mpangilio. Kifunge kwanza. Mwambie apige vibonyezo vyeusi tu, popote apendapo, nawe ushike besi, zile noti nzito za upande wa kushoto, F shapu na C shapu (nazo ni vibonyezo vyeusi) zikipokezana polepole. Vile vyeusi 5 vya kila oktavi, yaani kila kundi la noti linalojirudia kwenye piano, ni skeli ya pentatoniki, yaani ya noti 5, haina nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano) ndani yake, kwa hiyo hata akibahatisha hakuna noti itakayokwaruza sikio. Akipata kipande kilichomkolea, akirudie, kisha mkiandike pamoja kwenye mistari. Hapo ndipo kusoma noti kunamwingia, maana anasoma chake. Skeli mrudishie baadaye, kwa mdundo tofauti kila wiki. Stika za zawadi mimi sizipendi, ila hilo ni langu.